Maua Kwenye Wasifu na Ulimi wa Mtani

Mnaoingia siku hizi dukani kwa binti yangu hapa Kilwa Masoko, simu mkononi na macho yamechoka kutafuta kazi, mkiniona nimekaa kwenye kiti cha plastiki mnadhani ni bibi wa watu amekuja kupunga upepo. Mnanipa shikamoo, naitika marahaba, kisha mnamgeukia binti yangu na kumwambia, dada, nipambie wasifu wangu utoke tofauti na wa wenzangu. Hapo ndipo ninaposhika mbavu, na nyinyi mnaangaliana mkidhani bibi kapandisha mashetani. Wanangu, hilo neno la kupamba limenilisha miaka mingi, na siku moja karibu limkoseshe mwanamke wa watu watoto wake. Sogeeni niwaeleze, foleni yenyewe bado ndefu.

Jina langu la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mjini mimi ni Bi Taipu. Nilianza kama mpiga chapa ofisini, halafu nikafungua kibanda changu karibu na stendi ya mabasi, nikakaa hapo mpaka macho yalipoanza kuniletea herufi mbili mbili. Nimewaandikia barua za kazi walinzi, wauguzi, madereva, mafundi wa majokofu, na mganga mmoja aliyetaka kuajiriwa na timu ya mpira. Huyo nilimwandikia vizuri kweli kweli, akapata kazi, na timu ikafungwa mechi zote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa karani mkuu wetu, Mzee Nasoro, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino. Huyu bwana hakuwa na rula. Alikuwa na kiberiti. Ukimpelekea barua alikilaza kiberiti kwenye ukingo wa karatasi, na kama nafasi uliyoiacha haikutosha upana wa kiberiti, barua inachanwa. Ikipita hapo, aliitundika kwenye msumari ukutani, akaenda kusimama mlangoni, akakunja jicho moja. Kama kutoka mlangoni hakuona jina liko wapi, habari zinaanzia wapi na zinakwisha wapi, anarudi na kuichana. Alisema mwajiri anaisoma kwanza kwa mbali, kabla hajavaa miwani.

Nilimchukia sana mzee yule. Siku moja nikamfichia kiberiti chake, nikajua leo nimepona. Akapima kwa kidole gumba, akasema imepungua punje ya mtama, akaichana. Mpaka leo sina la kuwafundisha kuhusu umbo la wasifu linalozidi kiberiti na mlango. Acheni nafasi pembeni, jina liwe kubwa, ukurasa mmoja utoshe, kisha tokeni nje mlangoni muutazame. Bure hiyo.

Basi Mzee Nasoro akastaafu, na mimi nikanunua kompyuta. Mungu anisamehe, nilipata wazimu.

Mle ndani kulikuwa na mapambo ya pembezoni mwa ukurasa. Unabonyeza mara moja, karatasi inazungukwa na mawaridi. Unabonyeza tena, yanakuja matufaha, vipepeo, nyota, na hata keki. Nani alinionya? Dereva mmoja wa lori alikwenda kuomba kazi jina lake limezungukwa na keki arobaini. Jina nililipinda kama upinde na kulitia rangi tatu. Picha ya mwombaji niliiweka nyuma ya maandishi, hivyo elimu ya msingi ilipita kwenye paji la uso na namba ya simu ikamkalia mdomoni. Printa yangu ya rangi ilikuwa na kasoro ya kupenda kijani, na wengi walitoka na sura ya mtu aliyekunywa maji ya bahari. Nani alilalamika? Foleni ilifika kwa muuza chipsi! Watu walitoka Kilwa Kivinje, walitoka Songo Songo kwa boti, wote wanataka maua ya Bi Taipu.

Na wao wenyewe hawakuwa wanyonge kwa vituko. Kulikuwa na kijana mmoja Mmachinga, wa kabila si wa biashara, mpole, nilipomuuliza mafunzo mengine uliyopata, akaniambia jando. Nikamwambia hilo haliandikwi. Akaniuliza kwa adabu kabisa kwa nini, maana alifunzwa wiki nyingi na akafaulu. Nikaliandika. Mwingine alimweka mdhamini babu yake aliyekwisha kufariki, eti ndiye aliyemjua kuliko wote. Msichana mmoja anwani yake ya barua pepe ilianza na maneno sukari ya baharia, na alikuwa anaomba kazi ya mwalimu wa madrasa. Hilo nililibadilisha bila hata kumuuliza.

Sasa nimfikie Somoe.

Somoe alikuwa wa Kinjumbi, wazee wake Wamatumbi walioshuka kutoka milimani. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na ushei, ameachika, ana watoto wawili anaowalea kwa mama yake. Alikwisha kuja kwangu mara nne, na mara nne nilimpamba, na mara nne hakuitwa popote. Mara ya tano alikuja macho yamevimba. Wakwe zake wa zamani walikuwa wametuma ujumbe kwamba mwezi ukiisha wanakuja kuwachukua watoto wakaishi Lindi kwa baba yao, kwa kuwa mama hana kazi, na bibi yao ni mgonjwa, hawezi kuwalisha. Wazee wa pande zote mbili walikwisha kukaa na kukubaliana hivyo: akipata kazi watoto wanabaki, asipopata wanakwenda. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kulikuwa na nafasi moja. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa na kambi ya mafundi kisiwani Songo Songo na ilitaka msimamizi wa bwalo la chakula. Ukikaa kisiwani wiki mbili, unarudi nyumbani wiki mbili. Kazi hiyo ilimfaa Somoe sana, na mimi kwa huruma niliyokuwa nayo nilimpa mawaridi mengi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhudumia. Nilimwekea mistari miwili ya mawaridi kila upande.

Siku tatu baadaye, asubuhi, akaingia dukani bwana mmoja wa makamo, mtu wa bara, na faili kwapani. Akasalimu vizuri, akauliza kama mimi ndiye Bi Taipu, nikaitika kwa maringo nikijua sifa zangu zimevuka maji. Akafungua faili, akaanza kupanga karatasi juu ya kaunta moja moja kama mtu anayeanika dagaa. Zote zilikuwa zangu. Zote zilikuwa na mawaridi, maana nilikuwa nimejiwekea kanuni kwamba kazi zinazohusu chakula zinakwenda na mawaridi. Zote ziliandikwa: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mcheshi, na ninaweza kufanya kazi na mtu yeyote. Zote zilisema muda wa ziada ninapenda kusoma vitabu. Hapa mjini duka la vitabu lenyewe sijui liko wapi.

"Mama," akasema, "nimepokea maombi kumi na manne. Nimemsoma mtu mmoja mara kumi na nne."

Kicheko kilinitoka chenyewe, wanangu, cha aibu, kile cha kufunika mdomo na ukingo wa kanga. Yule bwana naye akacheka, ndiyo maana nikampenda. Alisema hakuwa amekuja kunigombeza. Ndiye meneja wa kambi, angekuwa mjini mpaka kesho saa sita mchana, ndipo boti yake irudi kisiwani. Kama hawa watu ni kumi na wanne kweli, basi wampelekee karatasi nyingine zinazoonyesha hivyo, pale nyumba ya wageni alipofikia. La sivyo atatafuta mtu Dar es Salaam.

Alipotoka nikakaa chini. Kucheka kuliisha mara moja. Nilimwona Somoe, nikawaona wale watoto wakipandishwa basi la Lindi, na nikajua kwamba mkono uliokuwa unawapandisha ni huu wangu wenye mawaridi. Nililia kidogo. Halafu nikafuta machozi, nikatoa kiberiti jikoni, nikawapigia simu wote kumi na wanne waje, na malipo hakuna.

Wale kumi na watatu sitawachosha nao. Niliwauliza wote swali moja tu, ambalo laiti ningelijua mapema: nisimulie siku moja uliyofanya kazi ukachoka na ukafurahi. Mmoja aliwahi kuwapikia uji watoto wa shule jiko likiwa limeangukiwa na paa. Mmoja aliuza vitumbua miaka sita na hakuwahi kuchelewa, watu wakitoka sala ya alfajiri wanamkuta tayari. Watu waliojaa mambo hivyo, nami nilikuwa nimewageuza wasoma vitabu! Nikawaandika, kiberiti pembeni, mlango mbele, hakuna ua.

Somoe aliingia wa mwisho, baada ya sala ya adhuhuri. Nikamuuliza swali langu. Akasema hajawahi kufanya kazi, amekaa nyumbani tu. Nikamuuliza tena, akazungusha ukingo wa kanga kidoleni. Nikamuuliza mara ya tatu, akasema, mama, mimi nitajisifuje? Na hapo alikuwa amesema kweli, maana huku kwetu anayejisifu tunamwona kama mtu aliyekosa wa kumlea. Utamwambiaje mtoto aliyefunzwa miaka yote kuinamisha kichwa kwamba leo akiinue, tena kwa maandishi?

Sasa barazani kwangu alikuwa anakaa fundi viatu, Mzee Ligoha, Mngindo mwenye mdomo mpana kuliko biashara yake. Wangindo na Wamatumbi ni watani tangu mababu. Kumtukana mtani ndiyo adabu yenyewe, na kumsifu usoni ni kumkosea yeye na wazee wake. Ligoha alikuwa ametusikia muda wote, nyundo imesimama hewani. Akaingilia kutoka nje, hakugeuza hata shingo.

"Eti hajawahi kufanya kazi. Kazi ya kunyima watu je? Mwulize arusi ya mdogo wake nani alishika upawa."

Somoe akamwambia nyamaza, babu mbaya. Nikamwita Ligoha ndani, nikampa kiti. Akatoa mashitaka yake yote. Kumbe kwa miaka tisa Somoe ndiye mpakuaji wa Kinjumbi. Nyinyi wa siku hizi mnaona arusi ni muziki, lakini mpakuaji ni nani hamjui. Anakaa mbele ya masufuria na upawa, na heshima ya mwenye shughuli yote iko mkononi mwake. Akipakua kwa kupendelea, wajomba wanakula nyama na wa mwisho wanapewa mchuzi na radhi. Akipakua kwa woga, chakula kinabaki na watu wana njaa. Hachaguliwi kwa undugu wala kwa umri, anachaguliwa kwa jicho. Na Somoe, alisema Ligoha kwa uchungu, jicho lake halina huruma hata kidogo, watu mia tatu wanakula na yeye anajua nani amekwisha kula na kanzu aliyovaa.

Nikarukia kompyuta kama msichana. Nikaweka jina lake juu, kubwa. Chini yake nikaandika: Mpakuaji wa chakula katika arusi na hitima za Kinjumbi na vijiji jirani kwa miaka tisa, watu hadi mia tatu kwa mlo mmoja. Mgeni wa mwisho hajawahi kukosa. Nikaongeza anavyopanga zamu za wapishi, anavyojua magunia mangapi ya mchele yanatosha watu wangapi, basi. Nikautundika ukutani, nikatoka mlangoni, nikaona jina. Somoe naye akatoka akasimama pembeni yangu, akautazama muda mrefu, akaniuliza polepole kama huyo ni yeye.

Sehemu ya mdhamini tulikuwa tumemweka mwalimu mkuu aliyestaafu, na simu yake haikupatikana tangu asubuhi. Nami kwa furaha niliyokuwa nayo nikafuta namba ya mwalimu, nikaandika ya Ligoha. Sikufikiri. Niliona kwamba huyu ndiye aliyemwona kwa macho, aulizwe yeye. Kosa la aina hiyo nadhani linawezekana huku Kusini tu.

Kesho yake saa nne nikampelekea meneja zile karatasi kumi na nne. Alizisoma amesimama kwenye veranda ya nyumba ya wageni, akitabasamu, na akatenga nne pembeni, ya Somoe ikiwamo. Akasema atawapigia wadhamini kabla ya boti. Nikarudi dukani naelea. Somoe alikuwa ananisubiri, Ligoha yuko barazani na kiatu chake, nikawaambia mambo mazuri, wadhamini wanapigiwa sasa hivi. Somoe akauliza mdhamini wake ni nani.

Wanangu, ndipo nikaona nilichofanya. Nikamwonyesha Ligoha kwa kidole.

Hata yeye mwenyewe aliogopa. Aliweka nyundo chini akasema kumsifu Mmatumbi hawezi, wazee wake watamcheka huko makaburini. Nikamsihi. Nikamkumbusha watoto. Akakubali kujaribu, nikamwambia sema na mimi: Somoe ni mtu mzuri. Akasema Somoe ni, akakohoa. Tukarudia. Somoe ni mtu, akakohoa mpaka nikampa maji. Mara ya tatu alifika kwenye m ya mzuri na machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nacheka na kutetemeka kwa pamoja, sijui nilikuwa nafanya kipi zaidi. Simu yake ikalia.

Ligoha sikio moja lilikuwa halisikii vizuri, kwa hiyo simu zake zote alizifungua sauti. Tukamsikia meneja anajitambulisha na kuuliza kama anamfahamu Somoe wa Kinjumbi. Kusikia lile jina tu, ulimi ulirudi kwenye njia yake ya siku zote.

"Namfahamu sana. Mchoyo. Roho ngumu kama soli. Msimwajiri, mtakonda."

Somoe akakaa juu ya boksi la karatasi, akafumba macho.

Meneja akauliza kwa nini anasema hivyo. Ligoha akamweleza kwamba kwenye arusi ya mdogo wake huyo mwanamke yeye aliomba sahani ya pili, yeye, mtani, ambaye arusini ana haki ya kuiba hata sufuria. Akanyimwa mbele za watu. Akabadili kofia, akapanga foleni upya, akatambuliwa. Akamtuma mtu, mtu akatambuliwa. Mvua ikanyesha, wakaja wageni wa basi zima ambao hawakualikwa, watu wakaanza kunong'ona kwamba chakula hakitoshi, na yule mwanamke hakuinua hata kichwa, anapakua tu.

"Na wale wa basi walipata?" akauliza meneja.

"Walipata."

"Na nyama?"

"Na nyama," akasema Ligoha, akiwa na hasira ya kweli. "Wote. Mpaka kondakta."

 Meneja akauliza, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, yeye mwenyewe Somoe siku hiyo alikula nini.

Ligoha akafungua mdomo kutukana, akakosa tusi. Alimtazama Somoe pale juu ya boksi.

"Ukoko," akasema. "Alikwangua ukoko, akaenda kuula nyuma ya nyumba. Alidhani hakuna aliyemwona."

Meneja akashukuru, akakata simu.  Mimi nilikuwa nimeshika kaunta. Ligoha alivua kofia, akaanza kuikunja na kuikunjua, mzee mzima na mikono imejaa gundi, akamuuliza Somoe kama ameharibu. Nilimwona anaogopa jibu. Nimemjua mtu yule miaka kumi na tano na sikuwahi kumwona anaogopa chochote isipokuwa siku ile.

Simu ya Somoe ikaita. Aliitazama kama inauma, akanipa mimi. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka Jumatatu, nakumbuka picha mbili ndogo, nakumbuka meneja akisema mtu anayelalamikiwa hivyo ndiye anayemtafuta tangu mwaka juzi. Nilipiga kigelegele ambacho muuza chipsi alidhani kuna arusi. Watoto wa Somoe hawakwenda Lindi, wamesoma Kinjumbi, na mkubwa mwaka huu ameletwa na mama yake kwa binti yangu kuchapiwa wasifu, hauna hata ua moja.

Lakini siku ile Somoe hakupiga kigelegele. Aliinuka kwenye boksi, akamwendea Ligoha, akasimama mbele yake, na machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kwenye kanga. Nami nikajua shida aliyokuwa nayo, maana mtani hashukuriwi.

"Babu mbaya wewe, mlafi, mdomo kama gunia lililotoboka," akamwambia, sauti inakatika. "Jumatatu uje unibebee begi mpaka botini."

Akalibeba, analalamika njia nzima.